Siri Inayojulikana na Mtaa Mzima: Kusoma Riwaya ya Nyakati Mbili

Mmeniomba nizungumze juu ya riwaya ya kihistoria inayokwenda kwa nyakati mbili: huku hadithi ya zamani, huku hadithi ya watoto na wajukuu, na katikati siri ya ukoo inayozifunga pamoja.

Aina hii ya riwaya inapendwa sana duniani siku hizi. Mnaijua sura yake. Mjukuu anafungua sanduku la bibi aliyefariki, anakuta barua au picha ya mtu asiyemfahamu, anaanza kuuliza. Sura moja tuko naye, sura ya pili tunarudishwa miaka hamsini nyuma, mpaka mwishoni barua inasomeka yote, kila mtu anamjua baba yake, na donda la ukoo linapona. Vitabu hivyo vina raha yake na simkatazi mtu kuvisoma. Ila vimetujengea mazoea mabaya. Vimetuzoesha kusoma kwa haraka tukikimbilia ufunuo, kana kwamba yaliyo kabla yake ni ya kungojea tu.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zimezaa riwaya mbili kubwa za nyakati mbili ambazo anayezisoma kwa mazoea hayo atazimaliza akidhani amepunjwa. Moja ni Desertion ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2005. Nyingine ni The Book of Secrets ya M. G. Vassanji, ya mwaka 1994. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, na riwaya yake hiyo ndiyo ya kwanza kabisa kupata Tuzo ya Giller ya Kanada. Waandishi hawa wawili wamegusa jambo ambalo sisi tunalijua kwa kuliishi ingawa hatulisemi sana: katika miji yetu, siri ya ukoo mara nyingi ni habari ambayo mtaa mzima unayo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuitamka mbele ya mhusika. Basi msomaji wa riwaya hizi akiuliza tu "kulitokea nini?", ameuliza swali dogo. Lililo kubwa ni nani ana haki ya kulisema, analisema siku gani, na anayelipa gharama ni nani.

Nianze na Desertion, kwa kuwa ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Mwaka ni 1899. Katika mji mdogo wa pwani kaskazini ya Mombasa, mwenye duka mmoja, Hassanali, anatoka alfajiri kwenda kufungua msikiti na kuadhini. Ni mtu mwoga, na giza la saa hiyo huwa linamtia hofu siku zote. Anaona kivuli kinakuja, na moyoni anaamini kwamba leo ndiyo leo, shetani amemjia. Kumbe ni binadamu, mzungu aliyechoka hadi kuanguka, ambaye waliokuwa wakimwongoza njiani wamemtupa. Hassanali anafanya ambalo Mwislamu yeyote wa mji ule angelifanya: mgonjwa anabebwa, anapelekwa nyumbani, anawekwa kivulini, mganga anaitwa. Dada yake, Rehana, hafurahi. Anamwangalia mgeni huyu kama msiba ulioingizwa ndani kwa mlango wa mbele.

Angalieni Gurnah anavyoanza. Haanzi na mjukuu anayetafuta. Anaanza na ukarimu, tena ukarimu wa mtu mwoga, na kutokana na tendo hilo jema la alfajiri moja ndipo yanapotoka yote yatakayowaangukia watu ambao bado hawajazaliwa. Halafu anakuja afisa wa Kiingereza, Frederick Turner, kumchukua mwenzake, na jambo la kwanza analowaza ni kwamba mwenye duka ameiba mali za mgonjwa. Mgeni mwenyewe, Martin Pearce, akishapata nafuu anaona haya, anarudi kwenye nyumba ile kushukuru na kuomba radhi. Hapo ndipo anapomwona Rehana.

Inafaa msomaji ajue pwani ilikuwa na hali gani mwaka huo, kwa maana Gurnah hakuuokota tu. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala nchi ilikuwa imekabidhi kazi kwa serikali ya Uingereza mwaka 1895. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, naye aliupangisha tu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa inapanda bara na ingefika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Unguja na Pemba utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1897, lakini huku pwani ya Kenya sheria ya namna hiyo haikuja mpaka 1907. Ni nchi yenye wenyewe wawili, sheria mbili, na watu wasiojua kesho watakuwa raia wa nani. Katika mji wa hivyo, Hassanali na Rehana nao wana hali yao: baba Mhindi, mama mwenyeji wa pwani, na wapo wanaowaita machotara wakiwa wamewapa kisogo. Rehana amekwisha kuolewa mara moja na mfanyabiashara aliyekuja na msimu, Azad, akaondoka na msimu akiahidi kurudi, asirudi. Hakupewa talaka, na mume hana. Kabla Pearce hajatia mguu pale, mwanamke huyu amekwisha kuachwa, na mji umekwisha kumjadili.

Sasa njooni kwenye kitendo ambacho kwangu mimi ndicho kinachoibeba riwaya yote. Tunangoja mapenzi ya Rehana na Pearce. Tumeandaliwa vya kutosha, tunajua yanakuja. Hapo msimulizi anasimama. Anajitokeza, anasema "mimi", na anakiri kwamba hajui yalianzaje. Mzungu wa mwaka 1899 na mwanamke wa Kiislamu wa mji mdogo, wenye nyumba wapo, majirani wapo, kaka yupo: walizungumza wapi kwa mara ya kwanza peke yao, nani alithubutu? Hajui, na hataki kutudanganya kwamba anajua. Anatupa anachoweza kukisia, na anachojua kwa hakika, yaani kwamba waliishi pamoja Mombasa, akazaliwa binti, na Pearce akarudi kwao.

Wako wasomaji wanaokasirika hapa. Nimewasikia wanafunzi wakisema mwandishi amekwepa kazi. Mimi nasema hapo ndipo alipoifanya. Mwandishi anayeibuni siri yote mpaka chini ya godoro anatufanya tuamini kwamba mambo ya watu waliokwisha kufa yako wazi kwetu, tuna haki nayo, na tukichimba tu tutayapata. Gurnah anamwachia Rehana pazia lake. Na tunapoendelea kusoma tunagundua kwamba pengo lile si la mwandishi tu. Ni pengo lile lile ambalo mji uliliziba kwa umbea. Mji haukujua yalianzaje, lakini ulisema. Msimulizi hajui, naye anasema kwamba hajui. Tofauti hiyo ni kubwa, na msomaji akiiruka ameiruka riwaya.

Halafu tunahamishwa. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, katika nyumba ya walimu wawili wenye watoto watatu: Amin, Rashid na dada yao Farida. Wazazi ni watu wa kisasa, wanaoamini elimu, wenye vitabu ndani ya nyumba. Rashid anasoma akitazamia kwenda Uingereza. Amin anafuata nyayo za wazazi kwenye ualimu. Farida hakufaulu mtihani, akajifunza kushona, na chumba chake cha kushonea kinaingia wanawake wa mji. Mmoja wao ni Jamila, mwanamke aliyeachika, mzuri, mkubwa kidogo kwa Amin. Anakuja kupimwa nguo. Amin anapita, wanasalimiana. Kwa muda mrefu hakuna zaidi ya hayo, kisha panakuwa na zaidi.

Jamila ni mjukuu wa Rehana.

Msomaji anajua hili linamaanisha nini, maana amemwona Rehana akiwa hai, ameiona hasira yake na upweke wake. Wazazi wa Amin wao wanajua kwa namna nyingine: wanajua kama mji unavyojua. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sidhani kama kuna riwaya iliyoieleza vizuri zaidi desturi yetu hii.

Anayeishi pwani anajua siri ya ukoo huamka lini. Huamka siku ya posa. Kabla ya hapo watu huishi ukuta kwa ukuta miaka na miaka, huzikana, huazimana masufuria ya shughuli, hupelekeana sahani Ramadhani, na hakuna anayegusa habari za bibi wa fulani. Hiyo ndiyo stara, na ina heshima yake, sitaki mtu aidharau. Lakini kijana akisema anamtaka binti wa nyumba ile, shangazi anavaa buibui anatoka kwenda kuuliza. Hawa ni kina nani? Mama yake alizaliwa wapi? Bibi yake nani alimwoa? Na mtaa uliokuwa umenyamaza kwa adabu unamwaga kila kitu jioni moja, na kwa bei ileile unaongeza na ya uongo. Stara iliyomsitiri bibi kwa miaka hamsini inageuka kuwa hati ya mashtaka dhidi ya mjukuu.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa Amin. Mambo yanapojulikana, wazazi wake hawamwambii kwamba Jamila ana kosa. Wanamwambia kwamba bibi yake alikaa na mzungu, kwamba ni watu wasiofaa, kwamba jina la nyumba litachafuka. Wanamtaka aahidi kutomwona tena. Anaahidi. Hakuna barua iliyopatikana, hakuna sanduku lililofunguliwa. Siri haikufichuliwa kwa sababu haikuwahi kufichika. Ilitumiwa tu, siku ilipohitajika, na walioitumia ni watu wema wanaompenda mtoto wao.

Sasa mnaona kwa nini Gurnah aliiweka mbele hadithi ya 1899. Angeanza na Amin na Jamila, kisha akatufunulia kidogokidogo habari za Rehana, tungesoma kama wapelelezi, na tungeshusha pumzi tulipojua. Kwa kutujulisha Rehana kwanza, ametunyima kisingizio cha kutojua. Mama yake Amin anapolitamka neno la kumdhalilisha bibi yule, sisi tumekwisha kukaa uani kwake. Tunasikia uwongo uliomo ndani ya ukweli ule. Mazoea ya baadhi ya wasomaji, kuruka sura za zamani ili kufuatilia vijana, yanaiua riwaya hii. Nawaomba wanafunzi: zisomeni sura kwa mpangilio wake, na mkifika kwenye nyumba ya walimu mrudi kwanza kurasa chache mkasome tena jinsi Rehana alivyompokea yule mgonjwa.

Lipo jambo moja ambalo siridhiki nalo, na afadhali niliseme. Kati ya Rehana na Jamila yupo Asmah, binti wa Pearce. Yeye ndiye aliyezaliwa ndani ya aibu ile, akakua nayo, akaolewa nayo, akamlea binti yake huku akijua mji unasema nini. Gurnah anampitia haraka mno. Tunampata kwa habari tu, kama anavyopatikana katika mazungumzo ya watu. Inaweza kujibiwa kwamba msimulizi hana habari zake zaidi, na jibu hilo linapatana na riwaya. Hata hivyo, riwaya nyingi za nyakati mbili zina udhaifu huu: zinapenda anayetenda na anayerithi, zinamsahau aliyebeba katikati. Katika koo zetu, huyo wa katikati kwa kawaida ndiye mama zetu.

Nihamie kwa Vassanji. Mwaka 1988, Dar es Salaam, mwalimu mstaafu mwenye asili ya Goa, Pius Fernandes, anapewa na mwanafunzi wake wa zamani shajara kuukuu iliyokutwa katika chumba cha nyuma cha duka. Ni ya Alfred Corbin, afisa wa Kiingereza aliyepelekwa mwaka 1913 kwenye mji mdogo wa kubuni, Kikono, karibu na mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka mmoja baadaye vita vya dunia vitaanza, Wajerumani wataiteka Taveta, na watu wa mpakani watajikuta wanatakiwa kuwatumikia mabwana wawili. Katika mji huo yupo msichana, Mariamu, anayemuuguza Corbin alipopata homa. Baadaye anaolewa na Pipa, kijana aliyekulia Moshi katika umaskini. Anazaliwa mtoto wa kiume, Ali, mwenye macho mepesi. Mtoto wa nani?

Pipa anayo shajara. Mariamu aliichukua, na baada ya Mariamu kuuawa Pipa anabaki nayo, anaihifadhi dukani kama kitu kitakatifu, anazungumza na roho ya mkewe mbele yake. Na hajui kusoma. Jawabu la swali linalomla maisha yake yote huenda limo mkononi mwake, kwa mwandiko wa mtu anayemshuku, naye hawezi kulisoma wala hathubutu kumwomba mtu amsomee, kwa sababu kumwomba ni kuitangaza siri. Sijui picha kali zaidi ya hii katika fasihi ya Afrika Mashariki kuhusu maandishi ya wakoloni na watu walioandikwa humo.

Mwalimu Fernandes yeye anajua kusoma. Anasoma, anatafuta, anaunganisha, na shajara haisemi. Corbin hakuandika lile linalotafutwa. Na mwalimu mwenyewe anagundua kwamba hadithi hii inamgusa alipokuwa hajategemea: Ali aliondoka na Rita, mwanafunzi ambaye mwalimu alimpenda kimyakimya. Mwishoni analazimika kuamua kama anayo haki ya kuendelea kuchimba maisha ya watu. Anasimama. Siri inabaki kuwa ya wenyewe.

Ziweke riwaya hizi mbili pamoja uone zilivyo ndugu. Afisa au msafiri wa Kiingereza, mwanamke wa pwani au wa mpakani, duka, ugonjwa, mtoto, na mtu wa kizazi cha baadaye anayejaribu kuandika. Zote mbili zinamweka mbele msimulizi asiyejua, na zote zinamfanya atoe hesabu ya kwa nini anataka kujua. Rashid, msimulizi wa Desertion, yuko Uingereza. Aliondoka kwenda kusoma, na mapinduzi ya Januari 1964 yakamkuta huko. Yeye hakulipa gharama ya mapenzi ya Amin, wala ya yaliyoipata nchi. Kaka yake aliyebaki ndiye aliyelipa, na Gurnah anampa Amin nafasi ya kuandika kwa mkono wake mwenyewe katika sehemu ya mwisho, maneno mafupi ya mtu aliyebaki nyumbani na mzazi mgonjwa na kumbukumbu. Ninaposoma kurasa zile sidhani kwamba Rashid anaandika ili tumjue Rehana. Anaandika kwa sababu aliondoka, na kuandika ndiyo njia pekee ya kurudi aliyobakiwa nayo. Hata anapokutana ughaibuni na mwanamke wa ukoo wa Pearce, kinachopatikana ni wajukuu wawili wa historia moja wanaoketi kuulizana, na Jamila hayupo mezani.

Walimu wenzangu, ombi langu ni la kazi. Isomesheni Desertion sambamba na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, ambamo binti naye anahukumiwa kwa uzao wake na urithi wa baba unamponyoka. Hiyo haina nyakati mbili, inakwenda moja kwa moja, na wanafunzi wataona kwa macho yao mpangilio wa wakati unavyobadilisha hukumu ya msomaji. Wapeni kazi ya kuorodhesha, sura kwa sura, nani anajua nini na nani amekisema kwa sauti. Wataona kwamba wanaojua ni wengi na wanaosema ni wachache, na kwamba wanaosema karibu wote si wale walioumia.

Na wafasiri mlioko humu: mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, na tumeona jinsi Gurnah anavyosikika anaposomwa kwa lugha ya watu anaowasimulia. Rehana alimkaripia kaka yake kwa Kiswahili. Jamila na Amin walipendana na kuachana kwa Kiswahili. Msomaji wa Lamu, wa Malindi, wa Pemba na wa Tanga anastahili kuwasikia hivyo, na madarasa yetu yanastahili kuwa na Desertion ya Kiswahili mezani. Naomba tuifanye kazi hiyo ya kuitafsiri.